Nilivyoinua Gari la Lemayian

Siku mliyoniaga mlinipa shuka nyekundu na saa ya ukutani. Shuka ninaivaa. Saa bado iko ndani ya boksi, maana sijui mtu aliyestaafu anawahi wapi. Mliniomba pia niandike machache kuhusu kazi yetu, myabandike karibu na kompresa ili wageni wasome. Nimeandika marefu kuliko ukuta ule, na kuna sehemu hamtapenda wateja wazisome wakisubiri magari yao. Basi zisomeni nyinyi. Vyeo sitavitaja. Gereji yetu ilikuwa na vyeo viwili tu, anayelala chini ya gari na anayeshika tochi, na nimekuwa vyote viwili.

Nilifika Kitengela kutoka Mwala nikiwa na viatu vya kuazima. Wakati huo nyumbu walikuwa bado wanavuka barabara ya Namanga asubuhi, na mtu akichelewa kazini alikuwa na kisingizio cha kweli. Mjomba wangu alinipeleka kwa Mzee Ndeto, Mkamba mwenzetu aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mzee Ndeto hakuniuliza kama najua kazi. Aliniambia nilale chini ya pikapu niseme ninachoona.

"Naona chuma," nikasema.

"Chuma gani?"

"Chuma nyeusi."

Akanigonga kifundo cha mguu kwa spana ya kumi na nne. Nililala chini ya magari wiki tatu, nikitaja kitu kimoja kimoja mpaka nikajua jina lake, kazi yake, na kinavyolia kikianza kuchoka. Spana yenyewe nilikuja kupewa mwezi wa pili. Nyinyi mnapewa spana siku ya kwanza, na simu ya kutazamia video. Sisemi ni vibaya. Nasema tu vifundo vyenu ni vizima.

Mzee Ndeto alikuwa fundi wa chini: springi, shokabsoba, bushi za raba, breki. Injini aliiona kuwa kazi ya watu wanaopenda kusimama. Vifaa vyake vilikuwa vichache. Alikuwa na jeki mbili, stendi nne za chuma alizochomelea mwenyewe, na kibano cha springi kilichotengenezwa kwa bolti ndefu ambacho kingeweza kukuua ukikidharau. Alikuwa pia na kioo kidogo cha kunyolea, kimefungwa kwenye waya wa kuchomelea, cha kuchungulia pale ambapo jicho halifiki. Kioo hicho aliniachia alipozeeka akarudi kwao, na nyinyi mmekirithi. Msikinyolee.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Gari lolote ambalo tumegusa urefu wake, tumelipandisha au tumelishusha, haliondoki kabla ya kuning'inizwa. Unaliinua bodi lote juu ya zile stendi nne, magurudumu yote yanabaki hewani yakining'inia. Kisha mtu anazungusha usukani mpaka mwisho kushoto, mpaka mwisho kulia, na wewe unapitisha mkono nyuma ya kila gurudumu. Gari likisimama chini, springi zimebanwa na kila kitu kinaonekana kinatosha. Likining'inia, magurudumu yanashuka mpaka mwisho wake, kama yatakavyoshuka siku litakapoingia shimoni, na hapo ndipo unaona kilicho kifupi. "Likiwa chini limevaa suti," alikuwa akisema. "Livue."

Na hakuna mtu aliyebaki ndani wakati wa kuning'iniza. Siku moja askofu mmoja alikuja na gari lake kubwa, tukalifanyia springi za nyuma, na alipoona tumemaliza akapanda, akafunga mlango, akaanza kusoma gazeti. Sisi vijana tulitazamana. Mzee Ndeto alifungua mlango akasema, "Baba, shuka." Askofu akauliza kama ni lazima. "Baba, shuka," mzee akarudia, na sauti ilikuwa ile ile. Askofu akashuka, akakaa kwenye benchi letu lenye grisi, tukamletea soda. Kanzu iliharibika. Hakurudi tena kwetu, lakini alizeeka.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi na nyingine zilichekesha. Jamaa wa Kimana alileta pikapu iliyobebeshwa vitunguu mpaka springi za nyuma zikapinda kuelekea juu, naye akiwa amezisaidia kwa kipande cha mti alichokifunga kwa mpira wa tyubu. Alitaka tumwekee mti mgumu zaidi. Lori la mawe kutoka Kiserian lilikuja na bushi zilizotengenezwa kwa ndala. Mambo hayo mmeyasikia kila Ijumaa tukinywa chai na sitayarudia.

Mji ulipokua, yalikuja magari ya chini. Mnayajua. Kijana ananunua saluni ndogo iliyokwisha kuchezewa na mwenyewe wa kwanza: springi zimekatwa kwa grainda ili ilale, bampa refu la plastiki mbele, sketi za plastiki pembeni, bawa nyuma. Plastiki hizo wenyewe wanaziita bodikiti. Nairobi kwenye lami gari hilo linapendeza. Halafu mwenyewe anakumbuka kwao hakuna lami. Matuta ya kwanza yanamla bampa, ya pili yanamla sketi, na jiwe la kwanza la murram linamtoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Kukata springi ni kazi ya dakika tano. Kurudisha gari mahali pake ni siku mbili, na ndiyo kazi iliyonipa jina mjini kwa miaka mingi.

Niwaandikie vizuri jinsi inavyofanywa, kwa sababu wengine wenu mnapenda njia ya mkato. Springi iliyokatwa haiongezwi. Msiingize raba katikati ya mizunguko yake. Gari litapanda, kweli, lakini springi itavunjika pale ilipobanwa. Tafuteni springi nzima za gari la aina ile ile. Kama bado haitoshi, wekeni pete ya raba ngumu juu ya springi, si zaidi ya unene wa vidole viwili. Angalieni shokabsoba kama zinafika. Bampa la mbele linaweza kukatwa ukingo wa chini bila kuharibu sura, mwenyewe akikubali, na wengi hukubali huku wanaangalia pembeni. Halafu ning'inizeni.

Lemayian alikuja kwetu msimu wa mvua fupi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anauza dawa za mifugo katika duka moja hapa mjini. Gari lake lilikuwa jekundu, na liliingia getini likikwaruza.

"Sopa, fundi."

"Ipa. Hii gari imelala ama imekufa?"

"Imelala tu, mzee. Nataka uiamshe."

Nilifikiri nitasikia habari za marafiki na mashindano. Badala yake alinieleza habari za mama yake. Figo zilikuwa zimechoka, na kila Jumanne na Ijumaa alipelekwa Kajiado kusafishwa damu. Kwao ni ndani ya Kisaju, mbali kidogo na barabara kuu, na kabla ya kufika lami kuna laga, korongo ambalo huwa kavu mpaka mvua inyeshe. Barabara inateremka kwa ghafla, inavuka kwenye simiti, kisha inapanda. Gari lilikuwa linagonga pale. Kwa hiyo kila safari mama alishuka juu ya mteremko, akateremka kwa miguu na fimbo yake, akavuka, na kijana akapitisha gari tupu likikwaruza. Upande wa pili mama alipanda tena.

"Akienda, ako na nguvu kidogo," Lemayian aliniambia. "Akirudi hana. Juzi alikaa chini hapo kwa laga, akaniambia nimwache apumzike kwanza. Kwa mawe, fundi. Mimi nataka tu mama asishuke tena."

Nilimwambia nitafanya. Nilimwambia pia kwamba nitatoa bodikiti yote ili nione vizuri nyuma ya magurudumu. Hapo akasita. Bolti zilikuwa zimeshika kutu, plastiki ilikuwa imekauka, na tukiitoa ingevunjika. Alilipenda lile gari, na sikumlaumu. Mtu anayeamka mara mbili kwa wiki kumpeleka mama yake kwenye mashine ana haki ya kitu kimoja kizuri. Nilikubali kukata ukingo wa bampa tu, na mengine niyaache. Nilijiambia kioo cha Mzee Ndeto kitanitosha.

Alileta gari Jumatano. Nilifanya gurudumu moja kwa wakati, jeki moja chini ya bodi na ya pili chini ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu ili usidondoke, kwa sababu nilikuwa peke yangu upande ule na mgongo ulikuwa umeanza kunidai. Springi nzima nne, pete za raba mbele. Kioo changu kilinionyesha plastiki tu, kila mahali plastiki. Haikunisumbua, maana nilijua nitaning'iniza mwishoni.

Ijumaa alasiri nilishusha gari chini nikakaza nati za magurudumu. Lilikuwa limesimama vizuri, nakiri niliona fahari. Nikaenda nyuma kuzichukua zile stendi nne. Niliporudi, Lemayian alikuwa amefika na mama yake kutoka Kajiado kwa gari la kukodi, na mama alikuwa tayari amekaa kiti cha nyuma. Viatu alikuwa amevivua. Shanga zilikuwa zimeteleza upande mmoja wa shingo na alikuwa amefumba macho. Kwenye mkono kulikuwa na bandeji mpya pale wanapoweka sindano.

Nikainama dirishani nikamwamkia kama Wamaasai wanavyomwamkia mama. "Takwenya, yeyo."

"Iko," akasema, bila kufumbua macho.

"Fundi, imeisha?" Lemayian akaniuliza.

"Bado kitu kidogo."

Akaziangalia stendi mikononi mwangu. "Itabidi ashuke?"

Mama akasikia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini neno hilo alilijua kuliko mengine yote. Akafumbua macho, akatafuta fimbo yake kwa mkono, akaishika. Akaanza kusogeza mguu kuelekea mlangoni.

"Nishuke?" akaniuliza.

Nyumbani nililelewa kwamba mama wa mwenzako ni mama yako. Nilimwona ananitazama kama mtu anayeomba radhi kwa kuchelewesha kazi ya watu, na sikuweza. Ningeweza kumwambia askofu. Ningeweza kumwambia yeyote kati yenu. Mama yule sikuweza kumwambia avae viatu, ashuke, akae kwenye benchi, kisha apande tena, kwa sababu ya jambo ambalo mara tisini na tisa huwa sawa.

"Hapana, mama," nikasema. "Kaa tu. Tumemaliza."

"Ashe oleng," akanishukuru, akaiweka fimbo chini.

Nilizungusha usukani gari likiwa chini, kushoto na kulia, kwa kujiridhisha. Hakuna kilichogusa. Wakaondoka, na tuta la getini wakalipita bila kukwaruza. Lemayian akatoa mkono dirishani akapunga. Nilizirudisha stendi mahali pake.

Wiki mbili na siku kadhaa baadaye, Jumanne asubuhi, mwanamume mmoja wa Kisaju aliingia gereji. Alisema gari jekundu limeanguka kwenye laga na wanataka mtu wa kulivuta. Nikamuuliza nani ameumia. Akasema kijana amevunjika mkono, na mama amekufa hapo hapo.

Nilienda na pikapu ya kuvutia magari. Kuanzia juu ya mteremko uliona vipande vyekundu vya plastiki kati ya mawe. Gari lilikuwa limetoka kwenye simiti, likaangukia ubavu wa kushoto, upande aliokuwa amekaa mama. Alikuwa amekwisha kuondolewa. Lemayian alikuwa amekaa chini, mkono umefungwa kwa shuka, akisema maneno yale yale kwa kila aliyesogea.

"Nilikanyaga. Nilikanyaga breki ikaenda chini yote."

"Ulikuwa unakimbia," kaka yake mkubwa akasema. Alikuwa amesimama juu yake. "Na hii gari yako ya mashindano. Kila mtu anajua hii gari."

"Sikukimbia. Mama alikuwa ndani."

"Zamani alikuwa anashuka. Leo mbona hakushuka?"

Mimi nilikuwa nafunga mnyororo.

Gereji nilingoja wenzangu waende chakula cha mchana. Plastiki zote zilikuwa zimetoka zenyewe, na gurudumu la mbele la kulia lilikuwa wazi. Mpira wa breki, ule mfupi unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye bodi mpaka kwenye gurudumu, ulikuwa umechanika pale unapoingia kwenye chuma. Katikati yake kulikuwa na kamba ndogo ya plastiki, nyeusi. Yule aliyelishusha gari zamani alikuwa ameufunga mpira juu ili usilegee na kusugua gurudumu. Kwa gari la chini ilikuwa akili nzuri. Mimi nililipandisha na sikujua kuna kamba. Kila shimo gurudumu liliposhuka, mpira ulivutika, siku baada ya siku, mpaka kwenye mteremko wa laga. Breki zilizobaki zilikuwa za gari lililochoka, na barabara ilikuwa kokoto tupu.

Ningelining'iniza, ningeukuta mpira umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Ningeikata ile kamba kwa koleo. Ni kazi ambayo ukiifanya hata hukumbuki umeifanya.

Niliukata mpira nikautia mfukoni. Hilo ndilo nililofanya. Afisa aliyekuja kulitazama gari aliniuliza kama naona lilikuwa mwendo wa kasi. Nikamjibu, "Mimi ni fundi, sikuwa ndani." Akaandika alichoandika. Nilifungua sanduku langu la vifaa, nikauweka mpira chini kabisa, chini ya trei ya spana, nikalifunga.

Tulienda mazishini watu watatu kutoka gereji. Kaka mkubwa alisimama akaongea kwa Kimaasai, kisha kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni. Alisema gari la mashindano limetuulia mama. Lemayian alikuwa amekaa pembeni, mkono kifuani. Aliinua kichwa kama mtu anayetaka kusema, akakiinamisha. Aliponiona akaja kunishukuru kwa kufika. Aliniambia labda kweli alikuwa anakimbia, kwamba siku hizi hakumbuki vizuri. Nilimshika mkono ule mzima nikamwambia pole. Chakula kilipoletwa, nililetewa sahani. Nilikula.

Baada ya hapo mlinijua nyinyi. Mlinikuta mzee mkali anayewaning'inizisha magari hata yaliyokuja kubadilishwa taa tu, mkaniita Mzee Stendi nyuma ya mgongo wangu, na mkadhani ni mafundisho ya Mzee Ndeto. Mlicheka, na niliwaacha mcheke. Kila mlipopitisha mkono nyuma ya gurudumu nilikuwa naangalia uso wenu. Miaka saba nimefanya hivyo, na haikumrudishia Lemayian kitu chochote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, na aliyeumbuka alikuwa mwingine.

Wiki ya kuondoka, mwenzenu Wanza alinisaidia kupanga sanduku ili nimwachie. Akatoa trei, akaukuta mpira chini.

"Fundi, hii imekatika. Nitupe?"

"Wacha," nikamwambia. "Hiyo ni ya mtu."

Jumamosi nilienda Kisaju. Laga ni ile ile, ila wameongeza mawe yaliyopakwa chokaa pembeni. Nilivuka kwa miguu. Lemayian nilimkuta anagawia ndama majani makavu. Amenenepa kidogo, ana mke na watoto wawili. Duka la dawa aliliacha. Hajashika usukani tangu siku ile, na watoto wakiugua anamwita jirani mwenye pikipiki. Alifurahi kuniona. Mke wake alianza kuandaa chai.

Nilimwambia kabla chai haijaja, kwa sababu nilijijua. Nilimwambia habari za stendi, za mama yake alivyoshika fimbo kutaka kushuka, na nilivyomwambia akae. Nikautoa mpira nikamwonyesha mahali ulipochanika na mahali palipokuwa na kamba. Niliogopa atanipiga, na nilitamani anipige.

Aliuchukua mpira, akapitisha kidole pale ulipochanika.

"Breki ilienda chini," akasema.

"Ilienda chini."

"Sikuwa nakimbia."

"Hukuwa unakimbia."

Akauzungusha mpira vidoleni. "Siku ya mazishi ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulikula?"

"Nilikula."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kaka yangu hajawahi kula kwangu tangu hiyo siku," akasema. "Boma yake ni hapo, unaiona. Watoto wake hawakuji hapa. Miaka saba." Kisha akasimama. "Twende. Utamwambia vile umeniambia."

Tulitembea mpaka kwenye boma la kaka yake. Kaka mkubwa alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, akasimama alipomwona mdogo wake anakuja, kama mtu anayeona mgeni asiyemtarajia. Nilisema tena, yote, tangu mwanzo. Alisikiliza huku anatazama chini. Nilipomaliza, alinyoosha mkono akauchukua mpira, akauvuta kidogo kwa ncha zote mbili, akaona ulivyo mfupi. Aliita ndani kwa Kimaasai, na mke wake akaleta kikombe cha chai ya maziwa. Kilikuwa kimoja. Alikipokea mwenyewe, akampa Lemayian kwa mikono miwili. Lemayian alikishika, hakunywa, akaanza kulia.

Mimi niliondoka. Hakuna aliyenisindikiza, na ilikuwa haki. Mpira ulibaki kwao.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kioo kiko kwenye msumari, stendi ziko nyuma, mbili kati yake zinahitaji kuchomelewa upya miguu. Magari ya chini yataendelea kuja, na yule atakayeleta la kwake liinuliwe atakuwa na sababu nzuri kuliko za watu wote. Mkimaliza, chukueni stendi. Mkikuta mama wa watu amekaa ndani, amechoka, amevua viatu, anawauliza kama ashuke, mwambieni ashuke.